Leta Taa Karibu

Jumamosi, 2 Machi 2024. Walukuba, Jinja

Mvua za masika zimewahi mwaka huu, na kompyuta yetu nayo imezidi kuchelewa. Leo nimefungua kazi ya harusi ya Bugembe, nikaenda kuchota maji, nikabandika chai, nikarudi, bado inafungua. Diski inanguruma ndani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Swaib anasema nina mkono mzito. Kaka yangu huyu, kitu kikimshinda kununua, kosa huwa la mkono wa mtu mwingine.

Studio ni chumba cha mbele cha nyumba ya Baba. Mimi napiga video na kuzihariri. Swaib anatafuta wateja, na jina lililoandikwa mlangoni ni lake. Zamani kilikuwa chumba cha dada yetu Ramlah. Hilo hatulisemi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Umeme hakuna.

Jumamosi, 9 Machi

Wanzala amekuja kutoka Mbale na begi lake la vyuma. Huyu ni mume wa Ramlah, fundi wa kompyuta, Mgisu, si Mnubi kama sisi, na hilo la Ugisu ndilo lililoleta balaa. Ramlah alipoolewa naye, Baba alikaa kwenye mkeka mbele ya wazee wa Kinubi wa Walukuba akasema, "Ramlah si wangu." Tangu siku hiyo Wanzala haingii uani kwetu. Leo aliingia studio kwa mlango wa barabarani, akafanya kazi, akatoka kwa mlango huohuo. Anajipendekeza, masikini. Ametuletea kidiski cha SSD, kidogo kama kiberiti kilichopondwa, akakifunga kando ya diski kubwa.

"Shadiah, sikiliza," akaniambia. "Hii kubwa iko na nguvu ya kubeba, lakini miguu hakuna. Hii ndogo iko na mbio, lakini haiwezi beba harusi zote. Sasa nimeziunganisha. Kitu unafungua kila siku, hii ndogo inakishika karibu."

"Na kitu ambacho sijakifungua siku nyingi?"

"Hiyo utangoja tu kama jana."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Kisha akasema kuna njia mbili. Ya kwanza, kidogo kinasaidia kusoma tu, na chochote unachohifadhi kinakwenda moja kwa moja kwenye diski kubwa. Ya pili, kidogo kinapokea kila kitu kwanza, kinakwambia kazi imekwisha, halafu baadaye kinahamisha taratibu. Hiyo ndiyo yenye kasi hasa.

"Na umeme ukienda?" nikauliza. Hapa Jinja hilo ndilo swali la kwanza, ijapokuwa bwawa la umeme liko pale tunaliona.

"Umeme si shida. Itakumbuka. Umeme ikirudi, inapeleka. Shida ni mkono ya mtu. Ukiitoa kabla haijapeleka, hiyo kitu imeenda. Kubwa itabaki na jina tu."

Swaib alikuwa mlangoni anakula muhogo. "Weka ya mbio, bwana," akasema. "Nani ataitoa?"

Ukutani upande wa pili Baba aliisikia sauti ya mkwe wake, akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 14 Machi

Ramadhani. Harusi zimesimama, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukipima kidude cha Wanzala. Kompyuta inawaka upesi, sikatai. Harusi ya Bugembe mara ya kwanza ilijivuta vilevile, mara ya pili ikafunguka kabla sijavuta kiti. Kunakili kazi mpya kutoka kamera, mwanzo inakimbia, kidogo kikijaa inarudi kuwa punda wetu yuleyule. Ukitaka video ya miaka iliyopita, subira yavuta heri.

Kwa ufupi kinasaidia yule anayerudia jambo lilelile kila siku, na kazi yetu ndiyo hiyo. Dawa ya kweli ni kununua SSD kubwa, yote iwe ya kasi. Swaib anasema tutanunua. Swaib pia alisema tutapaka rangi.

Jumapili, 24 Machi

Baba anakohoa na bado anafunga. Nimemwambia mgonjwa ana ruhusa. Amenijibu kwamba babu yake alifunga akiwa mstari wa mbele na bunduki begani. Majirani humwita Afande kwa sababu ya huyo babu. Yeye mwenyewe hakushika ila mashine za kiwanda cha nguo.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Baba hakuweza kwenda msikitini. Ramlah alipiga simu, nikampelekea Baba, akaitazama simu ikisema peke yake hadi ikanyamaza.

Jumanne, 16 Aprili

Leo Baba ameniita. Hakuzunguka.

"Mwite Ramlah."

Nikadhani homa. Akasema tena, kwa Kiswahili chake cha kambi ya askari, alichorithi kwa babu yake: "Mimi nilisema ile neno mbele ya watu. Nataka kuitoa mbele ya watu. Lakini mguu yangu haiwezi fika kwa mkeka, na wazee wakija hapa wataniona nalia. Leta kamera. Nitasema kwa kamera, na nyinyi mtawaonyesha."

Nilitoka nje nikalia kwenye mvua ili isijulikane. Swaib nilipomwambia alisema, "Sawa," akauliza kama nimechaji betri.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika yote, nisije nikasahau mpangilio wake.

Walifika baada ya swala ya Ijumaa. Wanzala alibaki nje chini ya ukingo wa paa, viatu vimejaa matope ya Mbale na ya Jinja. Ramlah aliingia ameshika ncha ya mtandio kwa meno, kama alipokuwa mdogo akiogopa kuchapwa. Umeme haukuwepo na mvua ilikuwa imefanya chumba kiwe cheusi. Swaib alishika taa ya betri, mimi nikashika kamera. Hakuwepo mtu mwingine.

Baba alikaa kitandani na kofia yake ya Idi. Akasema, "Swaib, leta taa karibu." Swaib akasogea. Baba akataja jina lake na jina la baba yake. Kisha akasema:

"Wazee wangu, mlinisikia nikisema Ramlah si wangu. Nilisema kwa hasira na kwa aibu, na ile aibu ilikuwa yangu, haikuwa yake. Leo naitoa ile neno. Ramlah ni wangu. Watoto wake ni wajukuu wangu, na huyu bwana yake aliye nje kwa mvua ni mkwe wangu, na ni mimi nilimweka kwa mvua. Chumba cha Ramlah kiko hapa. Mtu akimwambia yeye ni mgeni kwa hii nyumba, huyo ananikana mimi."

Akatia maji kinywani, akayapuliza juu ya kichwa cha Ramlah, kama wazee wetu wanavyofanya wakiondoa neno baya lililotamkwa. Ramlah alianguka kwenye miguu yake. Taa ilitikisika. Nilidhani Swaib analia.

Jioni umeme ulirudi, nikanakili video kwenye kompyuta. Ilipita upesi sana, ikaandika kwamba kazi imekamilika. Nikataka kumtengenezea Ramlah nakala yake ya kusafiria, mara umeme ukaondoka tena. Ramlah akasema, "Haina neno, dada. Iko kwenu, iko salama." Wakarudi Mbale usiku huohuo kwa sababu ya watoto.

Jumamosi, 20 Aprili. Buwenge

Harusi. Kamera ina kadi moja tu, nimeifuta asubuhi ili nipate nafasi. Bibi harusi mrembo, hema linavuja.

Jumapili, 21 Aprili

Bado hakuna umeme. Swaib ameshafunga safari ya Mbale, anafungua tawi la studio karibu na mnara wa saa. Baba amekunywa uji, ameuliza kama wazee wameshaona. Nikamwambia bado, umeme. Akasema, "Haya, fanya haraka."

Jumatatu, 22 Aprili

Baba amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Alhamisi, 25 Aprili

Tulimzika siku ileile. Swaib alirudi kuzika, kesho yake akaenda tena Mbale. Ramlah alifika amechelewa, akalilia mlangoni pamoja na majirani, kwa sababu hakuna aliyemwita ndani na mimi nilikuwa nikiosha vyombo vya watu sijui la mbele wala la nyuma. Nilijipa moyo kwamba video ipo.

Leo umeme umerudi. Kompyuta imekataa kuwaka. Nimefungua kifuniko. Pale palipokuwa na kile kidogo pana tundu na skrubu moja imelegea.

Nimempigia Swaib Mbale.

"Ndiyo, mimi nilichukua Jumapili," akasema. "Laptop ya huku inalala, wateja wananicheka. Ile kitu ni ya mbio tu, Shadiah. Maneno yote iko kwa ile kubwa."

"Swaib, ulikuwepo Wanzala akisema!"

"Nilikuwa nakula muhogo."

Nimemwambia asiiwashe hiyo laptop, asiiguse. Akasema ameshaiwasha toka juzi.

Ijumaa, 26 Aprili

Wanzala amenielekeza kwa simu hadi diski kubwa ikafunguka peke yake. Majina yote yapo. Video ya Baba ipo kwa jina. Nimeifungua. Chumba kinaonekana, Baba anarekebisha kofia, anasema, "Swaib, leta taa karibu." Mwanga unaongezeka usoni mwake, anafungua mdomo, na picha inavunjika vipande vya kijani. Sauti inakatika. Baada ya hapo weusi mtupu.

Nimeirudia hadi umeme ukaondoka tena.

Jumatatu, 29 Aprili. Mbale

Nimepanda hadi Mbale. Mlima Wanale umefunikwa na ukungu, mvua ya huku ina hasira kuliko yetu. Studio ya Swaib ina zulia jipya. Alinionyesha laptop kwanza, kabla ya kunipa kiti. "Ona! Kabla hujamaliza bismillahi imeshafunguka." Na kweli. Nilitaka kuitupa barabarani.

Wanzala alikuja, akakipima kile kidogo kwa muda mrefu huku Swaib akipokea wateja kwa sauti ya juu. Mwishowe akakivua na kukiweka juu ya meza kama mtu anayeweka kisu.

"Ingekuwa ile diski kubwa ya kuzunguka, mtu anaweza kuchimba akapata mabaki," akasema. "Hii, ukishaiambia ifute, inafuta kweli. Na Swaib aliiambia ifute, aweke yake."

"Mimi nilijua?" Swaib akasema. "Nani alijua? Wewe ndiwe ulileta mashine ya kula maneno, sasa unanitazama mimi?"

Wanzala akaanza kufunga begi lake la vyuma. Ramlah alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli unachuruzika. Sikujua amefika saa ngapi. Hakulia. Aliuliza tu, "Swaib, wewe ulisikia, si ndiyo? Ulishika taa."

"Nilisikia, dada."

"Basi inatosha."

Swaib akamshika bega, akasema siku ya arobaini atasimama mwenyewe mbele ya wazee aseme kila neno. Nilimwamini. Hata nikaona haya kwa niliyoyafikiria njiani. Mtu hana jicho la kuona ndani ya chuma, nikasema moyoni. Amekosea kama ambavyo ningekosea mimi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumapili, 5 Mei

Mvua. Nimefua.

Jumatano, 8 Mei

Harusi za baada ya Idi haziishi. Kompyuta inajivuta tena bila kile kidogo. Ajabu ni kwamba nimeanza kuupenda uzito wake. Ikisema imehifadhi, imehifadhi.

Jumapili, 19 Mei

Swaib amekuja wikiendi na mkewe Jaliah. Nilikuwa nyuma ya pazia napanga nyaya, wakadhani niko sokoni.

Jaliah akauliza, "Ramlah akirudishwa, chumba si atadai?"

"Chumba gani?"

"Si hiki cha studio? Mzee alimpa kwa mdomo wake, wewe ndiwe uliniambia."

Nikasikia Swaib akisogeza kiti. Kisha akasema, "Mambo ya wazee hayo. Tutaona."

Mtu anayetaka kusema kweli hana cha kuona. Anasema. Nimejikata kidole kwa waya na sikupiga kelele.

Jumamosi, 25 Mei

Nimemuuliza waziwazi. Amenijia juu: "Unanifundisha? Nilishasema nitasema!" Halafu akanunua nyama akaleta jikoni. Swaib akikosea hununua nyama.

Jumamosi, 1 Juni

Arobaini ya Baba.

Mvua ilikatika asubuhi. Hema lilijaa. Wanawake wa nyumba walipika uani, wageni wakakaa kwenye mikeka ya mbele. Ramlah alikuja na watoto wake na bakuli la matoke yaliyofunikwa. Akasimama pale kati ya uani na mbele, hajui pa kulipeleka. Nikalipokea mimi.

Baada ya dua, Mzee Adrisi akauliza kama ada yetu ilivyo. Yeye ndiye mkubwa wa wazee, na lile neno la kumkana Ramlah lilitamkwa masikioni mwake.

"Nani ana neno la marehemu?"

Nikasimama kando ya kompyuta niliyoitoa studio na waya wake mrefu. Nikasema Baba aliacha neno kwa kamera, lakini limeharibika, watazame lililobaki, na yaliyobaki Swaib atayasema. Skrini niliiweka juu ya kigoda, wazee wakasogea, wengine wakivaa miwani. Baba akatokea. Mtu nyuma yangu akasema "Allah!" kwa kumwona hai. Akarekebisha kofia.

"Swaib, leta taa karibu."

Kisha kijani, kisha weusi.

"Hiyo ndiyo yote?" Mzee Adrisi akauliza.

"Mashine iliharibika, Mzee."

"Nani aliifunga hiyo mashine?"

Kabla sijajibu, Swaib akasema, "Wanzala, Mzee." Vichwa vyote vikageukia getini, ambako Wanzala alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Nikaona wazee wakiyaunganisha mambo kichwani mwao kinyume kabisa: Mgisu alileta mashine, mashine imeleta neno nusu.

"Swaib," Mzee Adrisi akasema. "Wewe umetajwa. Ulikuwepo. Marehemu alisema nini juu ya Ramlah?"

Ramlah alimtazama kaka yake kama mtu anayetazama mtu akimvushia mtoto barabara.

Swaib akapangusa paji la uso. "Mzee, mimi nilikuwa naangalia taa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Sikusikia vizuri."

Nikapiga kelele, sioni aibu kuandika. "Mwongo! Alisikia kila neno! Nilikuwepo, mimi niliyesikia nasema!" Nikayasema maneno ya Baba yote, kuanzia aibu hadi chumba. Walinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu aliyefiwa.

Mzee Adrisi akasema, "Binti yangu, wewe ni dada yake na unampenda. Lile neno lilitamkwa na mwanaume mbele ya wanaume, na mwanaume aliyekuwepo anasema hakusikia. Sisi tumeona baba yenu Muhammed akimwita Swaib. Jina la Ramlah hatukulisikia. Yaliyofichika tumwachie Mungu."

Wakafunga kwa Fatiha.

Kisha chakula. Na hili ndilo linalonikaba mpaka sasa. Swaib mwenyewe alichukua birika na beseni, akaenda kuwanawisha wageni kwenye mikeka ya mbele, akafika kwa Ramlah, aliyekaa miongoni mwao. Dada yake, tumbo moja. Akamwagia maji mikononi kwa upole, akasema, "Karibu, jisikie nyumbani." Ramlah akanawa. Akasema, "Asante, bwana," kama unavyomwambia mtu usiyemjua. Hakula. Aliondoka na watoto, na bakuli lake akaliacha.

Jumapili, 2 Juni

Nimeosha bakuli la Ramlah.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefikiri sana kama Swaib alikitoa kile kidogo kwa kujua. Sijui, na sitajua. Labda kweli alikuwa anashughulika na muhogo wake. Kukitoa ningemsamehe, kwa sababu mashine ile ilitudanganya sote ilipoandika kwamba kazi imekamilika. Lakini maneno ya Baba hayakupotea yote. Yapo kichwani mwa Swaib, mazima, ameyakalia. Hilo si la chuma, na silisamehe.

Nilimwambia Ramlah kwa simu kwamba nahamia kwake Mbale. Akakataa. "Ukiondoka wewe," akasema, "humo ndani hatabaki mtu hata mmoja anayejua."

Jumatano, 12 Juni

Swaib amerudi Walukuba kabisa. Tawi la Mbale limefungwa. Watu wa Mbale wamepata habari na hawataki harusi zao mkononi mwake. Ameleta kidiski kingine kipya, akasema kompyuta inamtia aibu kwa wateja, nikifunge. Nimekifunga mwenyewe, Wanzala akinielekeza kwa simu. Safari hii njia ya kusoma tu. Kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye diski kubwa papo hapo, na hata mtu akikitoa hapotezi kitu ila kasi. Wanzala aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mtu yule bado anaogopa mashine zetu zisimharibie jina.

Jumapili, 16 Juni

Idi Kubwa. Swaib amechinja mbuzi na kugawa nyama mtaa mzima. Watu wanamsifu. Nimempelekea Ramlah fungu langu kwa gari la asubuhi.

Jumatatu, 24 Juni

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza.

Kidiski kinajifunza kile unachokiuliza sana. Ndiyo kazi yake yote duniani. Basi kila asubuhi, kabla ya harusi, kabla ya chai, nafungua video ya Baba. Siku za kwanza ilijivuta. Sasa inafunguka nikigusa tu, mbele ya kila kitu kingine, na spika nimeziweka juu.

"Swaib, leta taa karibu."

Chumba cha Swaib kiko upande wa pili wa ukuta. Wiki ya kwanza aliongeza sauti ya redio, kama Baba. Baadaye akawa anatoka mapema. Leo alichelewa, akasimama mlangoni mwa studio na taulo begani, akasikiliza hadi kijani na hadi weusi. Midomo yake ilitikisika. Nikangoja. Akaniuliza kama chai ipo.

Nikamwambia ipo. Kesho nitafungua tena.